Lubugo huanzia shambani: kupanda mutuba, kubandua gome na kulipiga hadi liwe nguo

Ukitaka kutengeneza lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, weka nyundo chini kwanza. Karibu kila anayeniuliza habari za nguo ya gome huanza na nyundo: ni ya mti gani, ina uzito gani, mtu anapiga kwa muda gani. Hayo tutayafikia. Ila ubora wa nguo huamuliwa miaka mingi kabla mtu hajainua mkono kupiga, siku ile tawi lilipochaguliwa, na kila asubuhi ambayo mwenye shamba alipita akavunja machipukizi ubavuni mwa shina. Gome lenye vifundo halitengenezeki hata ukilipiga hadi Krismasi. Kwa hiyo nitakaa sana shambani na kwenye shina la mti. Nyundo nitaipa nafasi yake, isizidi.

Mimi ni mtu wa Missenyi, upande wa Kagera, mpakani kabisa. Mama yangu ni Muganda wa Buddu, jimbo la Buganda ng'ambo ya Uganda, na kazi hii nimefundishwa na kojja wangu, yaani mjomba, ambaye shamba lake liko Bukomansimbi. Yeye ni wa ukoo wa Ngonge, ukoo wa fisimaji, ambao tangu zamani ndio mafundi wa nguo za gome za Kabaka, mfalme wa Buganda, wakiongozwa na mkuu wao anayeitwa kaboggoza. Mimi nafuata ukoo wa baba, hivyo sina cheo wala urithi katika jambo hili. Nilishika nyundo kwa sababu mtoto wa dada hakatazwi kitu nyumbani kwa mjomba wake.

Tawi la kupanda

Mutuba, ambao wanasayansi huuita Ficus natalensis, ni wa jamii moja na mkuyu. Porini mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine. Ndege anakula tini, anaacha kinyesi penye panda ya tawi, mbegu inaota hukohuko juu, na mizizi inateremka ikiuzunguka mti uliouhifadhi hadi kuunyonga. Mutuba wa namna hiyo shina lake ni mizizi iliyosukana, lina mifereji na mashimo kila mahali. Ndege wanaufurahia, lakini kwa nguo haufai. Ndiyo maana hatupandi mbegu. Tunapanda tawi.

Chagua mama kabla ya kuchagua tawi. Mituba haifanani. Mmoja hutoa nguo nyekundu kama udongo wa kichuguu, mwingine kahawia iliyofifia, mwingine karibu nyeupe. Mmoja gome lake hutanuka kwa upole chini ya nyundo, mwingine huchanika kwa jambo dogo. Tawi litachukua tabia zote za mama yake, kwa kuwa ni mwili uleule. Basi usinunue maneno. Mwombe mwenye mti akuonyeshe nguo iliyotoka kwenye mti huohuo, uishike, uivute kwa mshazari, uinyanyue mbele ya mwanga. Jirani akija kuomba tawi, kojja huingia ndani akatoa nguo kwanza, panga baadaye.

Tawi lenyewe liwe limesimama wima, unene wa kifundo cha mkono au zaidi kidogo, na urefu unaokupita kimo. Fupi nalo huota, lakini mbuzi watalifikia kila jani linalochomoza, na itakubidi ungoje miaka zaidi kupata shina refu lisilo na matawi. Upande wa chini ukate kwa mshazari na upande wa juu ukate sawa, usije ukalipanda kichwa chini, maana tawi likishavuliwa majani si rahisi kujua lilisimamaje. Utomvu mweupe utatoka mwingi. Usiuguse halafu ukajifuta macho. Liegemeze tawi kivulini siku chache hadi jeraha likauke, kisha lipande mvua zinapoanza, zile za Machi au zile za Septemba. Shimo lipite kina cha mkono hadi kiwiko. Shindilia udongo kwa kisigino hadi tawi lisitikisike, kwa sababu tawi linaloyumba hukata vizizi vyake lenyewe kila upepo unapopita.

Huko Buddu mutuba haupewi shamba lake peke yake. Unasimama katikati ya kahawa na migomba, hatua kumi hivi kutoka mwenzake. Kivuli chake si kizito, kahawa inakipenda, na majani yake yanaoza vizuri chini. Na migomba utaihitaji kweli, wala si kwa ndizi tu: bila mgomba hakuna lubugo. Jani lake bichi litafunika mti na gome, jani kavu litakuwa moto, kikonyo chake kitakuwa chombo cha kubandulia, na kamba zake zitafunga na kushona.

Miaka ya kungoja

Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo nguo inapotengenezwa. Tawi likishashika litatoa machipukizi pande zote. Yale ya juu yaache yawe kichwa cha mti. Yote ya ubavuni yavunje kwa dole gumba yakiwa bado laini. Chipukizi likivunjwa changa haliachi alama. Likiachwa hadi likahitaji panga, litaacha kifundo, na kila kifundo ni tundu katika nguo. Pita kila wiki wakati wa mvua, na kiangazi pita ukikumbuka.

Shina hilo usiligongee msumari, usilifunge ng'ombe, usitundike waya wa nguo, na ukifyeka magugu kwenye kahawa acha panga mbali nalo. Watoto wa shule wana tabia ya kuchonga herufi za majina yao kwenye gome laini. Zungumza nao mapema. Gome linakumbuka kila jeraha.

Siku hizi kuna jambo jingine la kuangalia. Mituba mingine inakauka kuanzia vilele, matawi yanabaki mifupa huku shina likiwa bado bichi. Ukiona kilele kimeanza kukauka, kata tawi hilo chini ya sehemu iliyokauka, lichome moto, usafishe panga kabla ya kugusa mti mwingine. Na mti wa namna hiyo usiubandue mwaka huo, hata mteja akikuwekea pesa mezani. Mti mgonjwa hauna nguvu ya kuotesha gome jipya.

Kwa udongo mzuri mti huwa tayari kati ya mwaka wa tano na wa nane, shina likifika unene wa paja la mtu mzima. Gome la kwanza kabisa huitwa kitentegere. Ni gumu, zito, rangi yake haitulii, na anayelitazama hudhani mti wote ni mbaya. Ndivyo lilivyo kwa kila mti. Litumie kufungia vitu au kutandika chini, lakini lazima ulitoe, kwa kuwa gome linaloota baada yake ndilo laini, na la baadaye huwa bora zaidi. Ninamjua mtu aliyeuonea mti wake huruma akauacha ukazeeka na gome lake la kwanza. Sasa ana mti mkubwa wa kupumzikia, basi.

Kubandua

Chagua siku za mvua, mti ukiwa umejaa maji, na uanze asubuhi na mapema. Kiangazi gome hushikamana na mti, na ukilazimisha utabandua vipande huku ukiuua mti. Kama huna hakika, chanja kidogo juu kabisa karibu na matawi na ujaribu kuinua pembe. Likiinuka lenyewe kwa utelezi, endelea. Likigoma, funga kisu urudi nyumbani.

Kwanza kwangua. Gome lina tabaka mbili, ganda kavu la nje na gome la ndani, na nguo ni la ndani tu. Tumia kisu kipana, shuka nacho shina zima polepole hadi ganda la kijivu liishe na uone ubichi wenye unyevu. Ngazi ni lazima. Ukipanda kwa kulikumbatia shina utalichubua kwa magoti.

Kisha kata duara mbili: moja chini, shibiri hivi juu ya ardhi, nyingine juu, chini kidogo ya tawi la kwanza. Kisu kipite gome lote na kisimame kwenye mti. Utahisi mkononi, pale laini inapokutana na ngumu. Ukiingia zaidi ya hapo umeujeruhi mti. Baada ya hapo chora mstari mmoja wa wima kuunganisha duara hizo mbili. Usiuchore popote tu. Zunguka shina kwanza, tafuta upande wenye makovu na vifundo, na mstari upitie hapo, ili kasoro zibaki ukingoni mwa nguo badala ya kuwa katikati ya mgongo wa mtu.

Sasa weka kisu kando kabisa. Kinachobandua ni kikonyo kibichi cha jani la mgomba, kilichochongwa ncha bapa. Kina ugumu wa kutosha kuinua gome na ulaini wa kutosha kutoukwaruza mti. Anzia chini kwenye mstari, ingiza ncha, sukuma juu na pembeni, kidogo upande wa kulia, kidogo upande wa kushoto, ukizunguka kuelekea nyuma ya shina. Wawili hufanya vizuri zaidi ya mmoja, mmoja akishika gome lililokwisha kuachia lisijipinde na kupasuka. Likiachia lote utashika mkononi karatasi moja nzito yenye maji, nyeupe kwa ndani, urefu wa shina zima.

Usianze kulishangaa. Geuka uushughulikie mti.

Shina lililobaki uchi lina utelezi, na ule utelezi ndio uhai wake. Ni ngozi nyembamba mno ya chembe changa ambazo zitajenga gome jipya, mradi zisikauke na zisiguswe. Alama ya kidole inatosha kuacha doa ambalo gome litapotea hapo. Kwa hiyo majani ya mgomba yawe yamekatwa na kuwekwa chini ya mti kabla hujaanza kubandua, wala usimtume mtoto kuyatafuta baadaye. Yafunge kuanzia chini kwenda juu, kila jani likilalia lile la chini yake ili mvua iteremke nje bila kuingia ndani. Funga kwa kamba za mgomba, imara lakini bila kunyonga. Pale penye duara, juu na chini, wengine hupaka samadi mbichi ya ng'ombe, nami nimeizoea hiyo.

Baada ya wiki moja hivi chungulia kwa kufunua jani moja. Ukiona rangi ya kijani imeanza kutanda, mti umekubali. Acha majani yakauke na kuanguka yenyewe. Mti huo usiuguse tena hadi msimu wa mwaka unaofuata. Gome moja kwa mwaka, na mti ukitunzwa hivyo utakupa nguo kwa miongo kadhaa. Kwa kojja kuna mti aliourithi kwa baba yake, na bado unabanduliwa.

Moto, kisha nyundo

Gome likishatoka halingoji. Likikauka kabla ya kupigwa, limekwisha. Lilaze chini, tandaza majani makavu ya mgomba juu yake, uwashe. Moto huo ni wa kupita tu: unawaka, unalipasha gome joto, unazimika. Joto hulilainisha na kuukaza utomvu. Wengine siku hizi huliweka kwenye pipa juu ya maji yanayochemka, mvuke ufanye kazi hiyo. Sina ugomvi nao, ingawa kojja anadai nguo ya mvuke rangi yake inachelewa. Likishapata joto, kwangua mabaki yoyote ya ganda la nje, likunje, lifungie ndani ya majani mabichi ya mgomba, lilale usiku mmoja.

Kazi ya kupiga hufanyika bandani. Banda liwe na paa na liwe wazi pande zote, kwa sababu jua likiliona gome katikati ya kazi litalikausha upande mmoja nalo litapasuka. Ndani kuna gogo refu, limelazwa na kuchimbiwa kidogo ardhini, uso wake wa juu umechongwa ukawa bapa na laini. Fundi anakaa chini kwenye mkeka, miguu kando ya gogo.

Nyundo yenyewe kwa Kiganda ni nsaamu. Kichwa na mpini ni kipande kimoja cha mti mgumu, na kichwa cha duara kimechongwa mifereji kukizunguka. Unahitaji aina tatu: ya mifereji mipana na mirefu kwa kwenda ndani, ya mifereji ya wastani, na ya mifereji midogo iliyobanana. Ya kwanza inavunja na kutanua, ya pili inasawazisha, ya tatu inamalizia. Fundi mwenye haraka huruka ile ya kati. Nguo yake huijua ukiinyanyua juani: ina mabaka.

Kuhusu kupiga, niseme haya. Usitumie bega. Inua nyundo kwa kiwiko na uiache ishuke kwa uzito wake, uso wa kichwa utue bapa. Ukingo wa nyundo ukitangulia utakata. Anzia katikati uelekee ukingoni, kila pigo lilalie nusu ya pigo lililotangulia, umalize safu kwa urefu wote wa gome kabla ya kugeuza. Nyuzi za gome zimelala kwa urefu, kwa hiyo nguo itatanuka kwa upana. Kipande kilichotoka kwenye shina kinaweza kufikia zaidi ya mara tatu ya upana wake. Sehemu usiyoipiga ibaki imefunikwa kwa majani. Ukiona ukingo unaanza kukakamaa, funika zaidi, usimwagie maji hovyo, maana maji mengi hugeuza nguo kuwa uji.

Ikishatanuka kiasi, ikunje mara mbili, baadaye mara nne, upige tabaka zikiwa pamoja. Hapo nene na nyembamba hugawana. Ikunjue mara kwa mara, muite mwenzako ashike upande mmoja, muiinue kuelekea mwanga. Penye giza ni nene, parudie. Penye mwanga mkali usipaguse tena. Watu wawili au watatu wakikaa kwenye gogo moja kazi huenda mbio, lakini wapokezane mapigo, sio kila mtu na wake. Ukiwa mbali unaweza kujua kazi imefika wapi kwa sauti: gome bichi husikika zito na lenye maji, nguo iliyokaribia hulia juu na kavu. Itachukua sehemu kubwa ya siku. Malengelenge ya kiganja yatakuja. Usivae glavu, utapoteza kuhisi uzito wa nyundo.

Zamani hii ilikuwa kazi ya wanaume peke yao. Sasa nimekaa kwenye gogo moja na wasichana wawili wa shangazi, na mmoja wao anamalizia kwa nyundo ya tatu vizuri kuliko mimi. Kojja hakusema kitu, alimwongezea tu gome.

Jua, sindano na tope

Nguo inapotoka bandani bado ni ya rangi hafifu na ina unyevu. Itandaze kwenye majani safi, ivute kila upande, weka mawe pembeni ili isijikunje wala kupeperuka. Jua ndilo linaloleta ule wekundu wa udongo, na upande unaotazama jua ndio unaoiva. Kwa hiyo amua mapema uso wa nguo ni upi na kila siku uutandaze ukitazama juu. Ukigeuzageuza utapata pande mbili zisizoeleweka. Ianue kabla ya umande na ukimbie mvua. Itakwenda hivi siku kadhaa. Katikati ya siku hizo ifikiche kwa mikono kipande kwa kipande, kwa viganja, ukunje ukunjue, hadi iache ukakasi na ianze kulala yenyewe begani.

Matundu yatakuwepo. Penye kifundo, penye kovu, penye pigo baya, kata tundu liwe na umbo la yai, weka kiraka cha gome lilelile, ushone kwa uzi wa mgomba. Ndiyo sababu vipande vya pembeni havitupwi. Kiraka kizuri hakifichwi. Wazee wakiikagua nguo huangalia mishono kwanza, na fundi anayeona aibu kwa viraka vyake mara nyingi ana sababu ya kuona aibu.

Rangi ya kawaida ni ule wekundu wa udongo. Nyeupe na nyeusi zilikuwa za wafalme na wakubwa. Nyeusi hupatikana kwa tope la bwawani, lile jeusi lenye chuma: nguo huzikwa humo, huoshwa, hutandazwa, hurudiwa hadi ishike. Usijaribu kwenye nguo yako ya kwanza. Tope likikolea vibaya halitoki.

Buddu imesifiwa kwa nguo hizi tangu Kabaka Jjunju alipoitwaa nchi hiyo kutoka Bunyoro mwishoni mwa karne ya 18, na Ssemakookiro aliyemfuata anatajwa kuwa ndiye aliyewasukuma watu wapande mituba kwa wingi. Kisha katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu walileta nguo za pamba, na lubugo ikaanza kurudi nyuma, ikabaki kwenye misiba, matambiko na kutawaza. Baadhi ya wamisionari waliiona kuwa nguo ya uchawi, na mpaka leo wapo wanaokuangalia vibaya ukipita nayo mkononi. Kabaka Mutebi alipotawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, aliivaa. Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, pazia linalotenga sehemu takatifu ni ya gome. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Uganda kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake rasmi. Hilo limeleta wageni na kamera. Mituba bado inapandwa na walewale.

Wateja wengi sasa hawataki nguo nzima ya kujifunga. Wanataka gome la kushona mikoba, kofia, majalada ya vitabu, vifuniko vya taa. Kama unauza kwa mshonaji, mwambie mambo matatu. Nguo hii haikufumwa, kwa hiyo kila tundu la sindano ni udhaifu: mishono iwe mirefu, na ile isiyo ya lazima iachwe. Penye kuvutwa, kama mkono wa mkoba, abandike kitambaa cha pamba kwa ndani. Na asiipige pasi ikiwa kavu kabisa. Ainyunyizie maji kidogo, aweke kitambaa juu, ndipo apitishe pasi.

Kwa anayeiweka nyumbani: haifuliwi. Sabuni na kusugua vitailegeza hadi irudi nyuzinyuzi. Ikipata vumbi ikung'ute, ikipata harufu ya kufungiwa itandaze juani asubuhi, uso ukiwa juu kama ulivyoizoesha. Ikipata doa, kitambaa chenye unyevu na uvumilivu. Usiihifadhi kwa kuikunja mahali palepale miaka yote, itapasuka kwenye mkunjo. Izungushe kwenye mti laini uliokauka, uifunge kwa shuka, uiweke juu ambako mchwa hawafiki. Wageni wakija, usiwaruhusu waikalie wakiwa wamelowa mvua.